Sufuria moja, nyumba tatu: kupika kwa wingi bila friji, na bila kujiletea magonjwa

"Maharagi ya jana njo tamu kuliko ya leo." Mtoto gani wa Kivu hajasikia maneno hayo nyumbani? Na mara nyingi ni kweli: supu imekuwa nzito, chumvi na kitunguu vimeingia ndani. Lakini kuna maharagi ya jana yaliyotunzwa, na kuna yale yaliyolala jikoni ndani ya sufuria imejaa, asubuhi yanatoa mapovu na harufu ya uchachu, na bado mtu anasema: "Nitayachemsha tu, hakuna shida." Shida iko. Tutaieleza hapa chini.

Tuanze na sababu inayofanya wamama wengi wafikirie kupika mara moja chakula kingi. Ni makala. Jamaa nyingi za Goma, Bukavu, Butembo, Uvira na Bunia wanapika kwa makala, na bei yake inafuata barabara: mvua ikikata njia, au vita vikiifunga, gunia linapanda siku hiyohiyo. Asiyekuwa na pesa ya gunia ananunua kwa sashe, kila siku sashe, na hapo ndipo analipa zaidi. Jumlisha sashe zote zinazotoka ndani ya gunia moja, utaona umepita bei ya gunia. Mwanzoni mwa 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, hata mwenye mshahara alitafuta pesa mkononi bila kuipata. Na gunia halinunuliwi kwa ahadi.

Kisha kuna saa. Maharagi yanataka mtu wa kuyalinda: kuongeza maji, kupepea moto, kufukuza mbuzi. Mtu huyo mara nyingi ni binti. Mama yuko sokoni, kaka yuko darasani, yeye yuko mbele ya mbabula.

Moto wako unaenda wapi

Weka maji kwenye moto. Yakishaanza kuchemka, hayapandi moto zaidi hata ukijaza mbabula mpaka juu. Makala unayoongeza baada ya hapo yanageuka mvuke, yanapaa. Maharagi hayaivi haraka kwa sababu moto ni mkali; yanaiva kwa sababu yamekaa muda mrefu ndani ya maji ya moto. Kwa hiyo baada ya kuchemka, punguza makala, funga mfuniko, weka jiwe juu kama mfuniko haukai vizuri. Sufuria inayotikisika polepole inaiva saa ileile na sufuria inayoruka na kumwaga supu nje.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka bondeni wanalistaajabia. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kartie nyingi za Bukavu na Goma ziko juu zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka mapema, yaani kwa joto dogo zaidi. Kwenye pwani ya bahari yanachemka kwa digri 100. Huku kwetu ni karibu digri 95. Digri tano zinaonekana ndogo, lakini kwa maharagi ni muda mrefu wa kuongeza jikoni. Butembo, ambako ni juu zaidi, ni vilevile au kuzidi. Mtu wa Uvira akihamia Bukavu na kusema maharagi ya huku ni magumu, asilaumu muuzaji peke yake.

Ndiyo maana sufuria ya presha inasaidia sana huku milimani: inafunga mvuke ndani, maji yanapita digri 100, na saa tatu zinakuwa chini ya saa moja. Kwa nyumba ya Goma iliyo na umeme wa uhakika, sufuria ya presha ya umeme inastahili kufanyiwa hesabu, ukilinganisha na makala ya mwezi mzima. Lakini wasomaji wetu wengi hawana hiyo sufuria, na wengine wanajua umeme kwa jina la delestaji tu. Tuendelee na mbabula.

Kulowesha. Usiku mmoja ndani ya maji, asubuhi unamwaga yale maji, unaweka mapya. Wako wanaosema kumwaga maji ni kumwaga nguvu ya chakula. Kidogo inapotea, ndiyo, lakini unapunguza sana muda wa moto, na tumbo halijai hewa. Maharagi ya zamani, yaliyokaa stoo penye joto na unyevu miezi mingi, yanaweza kubaki magumu hata ukiyalowesha. Kwa hayo, bei ndogo ya sokoni ni ya uongo, maana utailipa kwa makala.

Hesabu ya sufuria kubwa

Tuseme mama mmoja wa Kadutu anapika kilo moja ya maharagi, siku tatu mfululizo. Kila mara saa tatu za moto. Jumla saa tisa. Sasa akipika kilo tatu kwa mara moja, sufuria kubwa itachelewa kuchemka, tuseme saa moja zaidi. Lakini ikishachemka, punje ya maharagi haijui kama iko na wenzake wengi au wachache. Inaiva kwa muda uleule. Saa nne badala ya tisa. Sufuria kubwa inataka moto mkubwa kidogo, sawa, lakini hata ukihesabu hivyo, makala yanayobaki ni mengi.

Hapo ndipo watu wanakosea. Vitabu na video za Ulaya zinazofundisha kupika Jumapili chakula cha wiki nzima zina kitu kimoja nyuma ya mpishi: friji kubwa inayofanya kazi usiku na mchana. Ukichukua mafundisho yale bila friji, umechukua nusu. Na friji ambayo umeme unakatika kila usiku ni kabati tu: ikikaa imefungwa bila kufunguliwa, inalinda chakula karibu saa 4, kisha ubaridi unaisha.

Basi kilo tatu zitaenda wapi? Wazo letu ni rahisi: badala ya nyumba moja kula siku tatu, nyumba tatu zile siku moja. Leo mbabula inawaka kwa mama wa kwanza, kesho kwa wa pili, keshokutwa kwa wa tatu. Kila mmoja anawasha moto wa maharagi mara moja kwa siku tatu, na hakuna chakula kinacholala. Wamama wanaozunguka pesa katika likelemba wanajua mchezo huu tayari. Ni likelemba ya sufuria. Na kikundi kikishaaminiana, kinaweza kununua gunia la makala pamoja na kuachana na sashe.

"Karuho je?"

Swali hilo litaulizwa, hata kama wengine wataliuliza kwa sauti ya chini. Kwetu watu wanaogopa sumu. Mtu anakula kwa jirani, anaugua siku ya tatu, na kartie nzima inaanza kuhesabu nani alimpa nini. Hatutacheka hofu hiyo, na hatutashauri mtu amlazimishe jirani kula sufuria ambayo hakuiona ikipikwa.

Kuna njia ya kupanga kazi ili mashaka yasipate pa kuingia. Pikeni uani, mbele ya macho ya wote. Kila nyumba ilete maharagi yake makavu, yapimwe, yachanganywe mbele ya watu. Yawe ya aina moja na ya mavuno yaleyale. Ukichanganya mekundu mapya na meupe ya mwaka jana, haya yatapasuka yale yakiwa mawe. Pikeni kwa maji matupu, bila chumvi, bila mafuta, bila nyanya. Yakiiva, gaweni hapohapo yakiwa yanachemka, kila mmoja na sufuria yake aliyotoka nayo nyumbani. Kutia mawese, kitunguu, lengalenga au sambaza ni kazi ya kila mtu kwake.

Njia hii ina faida nyingine ambayo wamama watailewa bila maelezo mengi: mwenye pesa atatia nyama, asiyekuwa nayo atatia chumvi peke yake, na hakuna atakayejua chungu cha mwenzake. Aibu imetulia.

Kwa nini kuchemsha tena hakutoshi

Sasa ile shida. Chakula kilichoiva kikiwa cha moto sana, zaidi ya digri 60, mikrobe hawazai. Kikiwa cha baridi ya friji, chini ya digri 5, hawazai kwa haraka. Katikati hapo wanazaliana kwa kasi, na usiku wa Bukavu, hata ule wa baridi ya kuvaa koti, bado uko katikati. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje, na kikipashwa tena kifike angalau digri 70 mpaka ndani, yaani kichemke kabisa, kisiwe vuguvugu.

Wengi wanadhani moto wa asubuhi unafuta kosa la usiku. Unafuta nusu. Mikrobe wenyewe wanakufa, lakini baadhi yao wanaacha mbegu ngumu zinazovumilia kuchemka, na wengine wanaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Mchele uliopikwa ndio mfano mbaya kuliko yote. Ukilala jikoni usiku kucha, mikrobe wake wanaweza kutengeneza sumu ya kutapisha, na hata ukiukaanga tena mpaka unakauka, sumu inabaki pale. Kwa hiyo mchele upikwe wa kuisha. Sawa na maziwa, uji wa mtoto mdogo, na samaki wa supu.

Sufuria kubwa ya maharagi au ya nyama ina hila yake: inapoa polepole sana. Nje imeshakuwa baridi, katikati bado vuguvugu mpaka usiku wa manane, na hapo katikati ndipo mikrobe wanafanya sherehe. Kama umelazimika kulaza chakula, usikiache kwenye sufuria ile kubwa. Kigawe kwenye vyombo vidogo vyenye kina kifupi, viweke ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji yakipata moto, kisha funika vizuri nzi wasifike. Asubuhi chemsha kwa mapovu makubwa, ule, kiishe. Kisipite hapo, wala usichanganye cha jana na cha leo katika sufuria moja. Na kwa mtoto mchanga, mama mwenye mimba, au mgonjwa, tafuta kitu kibichi cha kupika, hata kama ni bugali na lengalenga. Kando ya Ziwa Kivu na Tanganyika kolera haijatuacha, na chakula cha jana kilichoguswa na mikono au nzi ni mojawapo ya njia zake.

Ukiona mapovu, utelezi, au harufu ya uchachu, mwaga. Inauma, tunajua. Lakini chakula kinaweza pia kuwa kimeharibika bila harufu yoyote, ndiyo maana saa ni muhimu kuliko pua.

Kikapu kinachopika

Kuna kifaa ambacho hakiuzwi na kila nyumba inaweza kukitengeneza. Chukua kikapu kikubwa au katoni. Jaza chini na pembeni vitu vinavyozuia joto lisitoke: majani makavu ya migomba, nguo za zamani, vipande vya blanketi au sponji. Acha shimo katikati la ukubwa wa sufuria yako, isilegee. Tengeneza pia mto mnene wa kufunika juu.

Sufuria ikichemka motoni, unaitoa na mfuniko wake bila kufungua, unaizamisha ndani ya kikapu, unafunika. Joto linabaki ndani na kuendelea kuivisha bila makala hata moja. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, maana chakula kidogo kinapoteza joto haraka. Ndiyo sababu kikapu na upishi wa wingi wanapatana.

Kwa maharagi kuna sharti ambalo halina mjadala. Maharagi mabichi, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili iitwayo lektini. Punje chache zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu baada ya saa chache. Kuchemka kunaiua, uvuguvugu hauiui. Kwa hiyo usiyatie kikapuni mapema. Lowesha saa 5 au zaidi, mwaga maji, tia mapya, chemsha kweli kweli dakika 30 nzima, ndipo uhamishe kikapuni. Baada ya saa tatu au nne, rudisha motoni yachemke tena na umalize kuivisha. Kwa mama anayetoka saa kumi na mbili asubuhi, hii ina maana ya kuwasha saa kumi na moja, kuzamisha sufuria kabla ya kuondoka, na kumwacha binti aende shule kama wenzake.

Kikapu kinatunza pia chakula kilichokwisha kuiva, mradi kiingie kinachemka. Usikifungue-fungue. Ukikifungua na hakuna mvuke, na unaweza kuishika sufuria kwa mikono miwili bila kuiachia, joto limeshuka mahali pabaya: rudisha motoni mara moja, na ule bila kuchelewa.

Sombe ni habari nyingine. Inakula makala kama maharagi, kwa hiyo inafaa kabisa kupikwa kwa pamoja, na kutwanga kwa pamoja ni nusu ya raha. Lakini majani ya muhogo yana sianidi. Kutwanga vizuri kunaifungua, na kuchemsha sufuria ikiwa wazi kunaipeleka na mvuke. Usifunike sombe mwanzoni kwa sababu ya kuokoa makala. Ikishachemka muda mrefu wazi, ndipo utie mawese na ufunike.

Na tukiwa kwenye kuokoa makala: kuna desturi moja ambayo tunaikataa waziwazi. Wengine wanaweka maharagi kwenye mbabula usiku, ndani ya nyumba, mlango umefungwa kwa sababu ya wezi au baridi, na kulala, ili asubuhi yawe tayari. Makala yanayowaka polepole yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, monoksidi ya kaboni. Mtu aliyelala haamki kuikimbia. Mbabula ilale nje, au imezimwa.

Vitu vikavu

Kama unataka kweli kazi ya Jumamosi ikusaidie wiki nzima, itafute kwenye vitu vikavu. Mikrobe wanataka maji; ukiondoa maji, huhitaji friji. Unga wa masosoma, yaani mahindi, soya na mtama, vikaangwe na kusagwa kwa mara moja, uji wa asubuhi unabaki kazi ya dakika chache. Karanga za kukaanga na kutwanga, sambaza au ndagala zilizokaushwa vizuri na kukaangwa tena zikawa ngumu, pilipili ya unga. (Sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni nani angekumbuka?) Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko unaobana, toa kwa kijiko kikavu. Karanga au mahindi yenye ukungu usiyachague-chague: ukungu huo unaweza kuacha sumu ya ini ambayo kukaanga hakuiondoi.

Ukiwa na vitu hivyo kabatini, pamoja na sufuria ya majirani, kazi ya jioni inakuwa bugali na mboga ya majani. Vyote viwili ni vya haraka, na ni vizuri vikiwa vipya.

Mkianza wenyewe, anzeni na nyumba mbili, si tano. Wekeni mapema nani analeta makala siku gani, na nini kinafanyika mmoja akikosa: anaweza kuleta maji au kutwanga, asiondolewe kwa wiki moja mbaya. Na wakati wa kugawa, koroga sufuria kutoka chini kila mara kabla ya kuchota. Maharagi yanakaa chini, supu inakaa juu, na anayechotewa mwisho hapaswi kurudi nyumbani na maji matupu wala na mawe ya chini peke yake.